Lampe za Bagula na Sauti ya Marehemu

Kama gazeti la wiki jana ulishafungia samaki sambaza, bon, shika hadithi hapa hapa haraka.

Bagula, kijana wa Bukavu, mfungaji makatoni kwenye depo moja ya Louisville, alikuwa na pikapu. Si gari! Pikapu ile ya wazee, mashine ya kuzungusha diski. Na ilikuwa inaimba vizuri. Majirani wote wa mtaa wake wa Highview ni mashahidi, hata wale ambao hawakuomba kuwa mashahidi.

Halafu akaingia kwenye group ya WhatsApp ya wapenda diski. Humo wakamwambia ubaya wake uko kwenye preampli, kale kasanduku kanakochukua kasauti kembamba ka sindano na kukanenepesha kabla hakajafika kwenye spika. Preampli yake ilikuwa ya transista. "Ndugu, unakula plastiki kwa masikio," wakamwandikia. Mtu mwenye masikio, wakasema, anasikiliza kwa lampe: vioo vidogo vyenye nyuzi nyekundu ndani, vinapata moto, vinapumua.

Vinapumua! Bagula aliposoma neno hilo, kwisha habari yake.

Akaendesha hadi Columbus kwa Theogene, mtu wa Minembwe anayefufua redio na ampli za zamani ndani ya garaji yake. Wakabadilishana. Theogene akabaki na televisheni kubwa ya familia ya Bagula. Bagula akarudi na preampli ya lampe, ameifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama mtoto mchanga anatoka maternité.

Televisheni ya familia, jamani! Nzigire, mke wake, alipotoka kazini akakuta ukuta mtupu na misumari inamwangalia, alisema neno moja ambalo gazeti la watu waliobatizwa haliwezi kuandika.

Hapo ndipo tulipomwacha Bagula, mgongo wake ukutani, pale pale ilipokuwa televisheni.

Sasa, mwanaume akikosa pa kukimbilia anafanya nini? Anaahidi.

"Chérie, sikiliza," akasema. "Mama yako si anakuja na ile diski ya Papa? Na preampli ya zamani mungesikia mikwaruzo tu. Na lampe mutamusikia Papa kama vile amekaa hapa ku kiti. Utamusikia hata pumzi."

Nzigire alikuwa ameshanyanyua kiatu. Akakishusha.

Lazima ujue ile diski ni nini. Papa Nshombo, baba yake Nzigire, tulimzika Buffalo mwaka jana. Hakuacha hata voice note moja. Ukimwekea simu mdomoni alikuwa anaisukuma: "Mungu ananisikia bila mtandao." Kilichobaki cha sauti yake ni diski moja ya kwaya yao ya Kadutu, kule Bukavu, waliyorekodi akiwa kijana, yeye ndiye solo. Kadutu nzima inajua hivyo.

Na mjane wake, Mama Charlotte, alimpenda kupitia hiyo diski. Alikuwa msichana, akaisikia kwenye pikapu mbovu ya paroisse, parokia yao, akasema mwanaume mwenye sauti hii ndiye atakayenioa. Nshombo akajitokeza: "Njo mimi," yaani ndiye mimi. Wakaoana. Vita ilipokuja Mama aliacha masufuria, aliacha mashine ya kushona, akakimbia na diski. Ikakaa kambini ndani ya kitenge, ikapanda ndege ndani ya kitenge, ikafika Buffalo ndani ya kitenge. Miaka yote hiyo hakuna pikapu. Mama anataka kitu kimoja tu hapa duniani: asikie tena sauti ya bwana wake.

"Bon," Nzigire akasema. "Mama asikilize. Akisema 'njo yeye', mashine inabaki. Asiposema, weye na malampe yako munarudi Columbus, na unarudi hapa na televizio yangu. Ukirudi mikono tupu, usirudi."

Bagula akaapa. Kisha, kwa sababu Mungu alimnyima breki, akaapa tena kwenye group ya familia, na picha ya lampe zinawaka.

Jibu la kwanza lilitoka Buffalo, kwa Mirindi, kaka mkubwa wa Nzigire, mtu wa East Side ambaye kazi yake kiwandani ni kuangalia mashine na kazi yake nyumbani ni kumcheka Bagula. Voice note:

"Shemeji, tunaona unapika muziki ku moto. Na chumvi unatia?"

Emoji za kucheka zilijaa mpaka simu ya Bagula ikapata joto kuliko lampe.

*

Mama Charlotte akafika na basi, diski amekumbatia, uso mkali kama afisa wa uhamiaji. Hakumsalimia Bagula. Na usimlaumu! Ndivyo inavyotakiwa.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani machoni. Hawasemezani bila mtu katikati. Yeye akiwa sebuleni, mkwe hakai sebuleni. Kule Bukavu ni kazi rahisi, kuna uzio, kuna jikoni ya nje, kuna mlango wa nyuma. Lakini apartment ya Highview ina sebule, jikoni iliyoshikana na sebule, na korido fupi kama sala ya mtu mwenye njaa. Tangu mama afike, Bagula alikuwa anaishi chumbani kama mpangaji asiyelipa. Chakula kilikuwa kinamfikia kupitia Nzigire. Salamu pia.

Jumamosi ikafika, siku ya kusikiliza. Familia yote itapiga simu ya video alasiri. Nzigire asubuhi alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Binti yao Grâce alienda mazoezi ya kwaya, na alipoombwa abaki alijibu kwa Kiingereza na mlango.

Donc nyumbani walibaki Mama Charlotte sebuleni, Bagula chumbani, na preampli katikati mezani, imewashwa tangu chai. Theogene alisema lampe zinataka joto kwanza.

Joto! Louisville ilikuwa Februari, madirisha yanalia maji. Mama Charlotte alikuwa amekanda unga wa mandazi ya wageni, na unga ulikataa kuumuka. Akazunguka sebule na beseni yake akitafuta mahali penye joto. Akapapasa hita. Baridi. Akapapasa juu ya friji. Hivyo hivyo. Akapapasa kile kisanduku chenye vioo vyekundu.

"Ah!" Bagula akamsikia anasema. "Kumbe mukwe ameleta mbabula." Jiko la makaa!

Bagula akachungulia koridoni kwa jicho moja, jicho la adabu, akaona beseni nzima imekalia preampli yake, na juu ya beseni kitambaa kibichi kinadondosha maji.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mtu mwingine angeruka. Bagula akarudi chumbani, akafunga mlango polepole, akampigia mke wake.

"Nzigire!" kwa kunong'ona. "Mama ametia unga juu ya preampli!"

"Unga gani?"

"Ya mandazi! Beseni muzima! Na kitambaa ya maji!"

"Si umwambie atoe."

"Mimi? Nimwambie nani?"

Nzigire akakumbuka ameolewa wapi.

"Bagula, niko naogesha muzee ya batu. Ako uchi, ananiangalia. Pigia Mirindi."

"Kila mtu isipokuwa Mirindi!"

"Basi lampe ziive."

Akampigia Mirindi.

"Rudia, shemeji," Mirindi akasema. "Polepole. Ngoja niweke loudspeaker."

"Mirindi, nakuomba, pigia mama aondoe beseni."

"Weye uko wapi?"

"Chumbani."

"Na mama?"

"Sebuleni."

"Donc muko na ukuta moja katikati, na unapigia Buffalo?"

"Ni mama mukwe, Mirindi!"

Nyuma ya Mirindi kulikuwa na watu, na wale watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Lakini sifa moja Mirindi anayo, heshima ya mila anaijua. Akakata, akapiga. Bagula, sikio mlangoni, akasikia simu ya mama mkwe inalia sebuleni.

"Allô? Eeh, mwanangu. Unga? Inapanda vizuri sana! Mwambie mukwe aksanti, mashine yake ni ya maana. Na batu bako banamusema vibaya bure... Nini? Niondoe? Kwa nini niondoe na inapanda? ... Aah. Aah! Si angesema?"

Si angesema! Wasomaji, nawaachia hiyo.

*

Beseni ikaondoka. Lakini unga ulikuwa umeshapanda ukavuka mpaka, na ulimi mmoja mweupe ulishuka kati ya lampe mbili ukakaukia hapo kama jino.

Mama alipoenda kulala kidogo, Bagula akatoka. Akazima mashine, angalau hilo alilijua, akaichomoa. Akachukua mswaki. Mswaki wa nani? Wa Nzigire, sijui kwa nini unauliza. Akasugua mbele, akasugua katikati, na akafika nyuma akisugua kwa hasira ya mtu aliyechekwa na Buffalo nzima, mpaka mswaki ukanasa waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye pikapu kuja kufungwa kwenye preampli.

Tk.

Ukakatika kwenye shina.

"Ka waya kamoja tu," Bagula akajifariji. "Kembamba hivi kanafanya kazi gani?"

Akawasha. Spika zikasema: MMMMMMMMM.

Si muziki, si mikwaruzo. Mngurumo, kama ng'ombe aliyefungiwa chooni. Akapunguza sauti, ng'ombe akapungua. Akaongeza, ng'ombe akaleta ndugu zake.

Akapiga Columbus.

"Theogene! Lampe zimekufa!"

"Yewe Bagula, lampe hazifi hivyo. Nasikia hiyo sauti. Ulifunga waya ya masse?"

"Masse ni gani?"

"Kale kembamba, kanakomeza mngurumo."

Bagula akakaa sakafuni.

"Kamekatika," akasema.

"Kamekatikaje?"

"Na mswaki."

Theogene hakuuliza zaidi. Watu wa garaji wamesikia mengi. "Leta Jumatatu nikupigie soudure, kaungane tena."

"Jumatatu! Familia inapiga simu leo! Nzigire amesema Mama asiposikia Papa leo, narudisha televizio!"

"Televizio?" Theogene akakohoa. "Ile televizio, watoto wangu wameshaizoea. Sikiliza. Shika shina ya waya na vidole. Mkono ingine shika vis, ile skrubu ya preampli pale nyuma. Usiogope, masse haina umeme, haitakuuma. Mwili wako utakuwa waya."

Bagula akashika. Mkono wa kushoto kwenye pikapu, mkono wa kulia kwenye preampli.

Ng'ombe akanyamaza.

Akaachia. MMMMM. Akashika. Kimya safi, kimya cha kanisa kabla mchungaji hajaingia.

"Theogene, we ni nabii."

"Mimi ni fundi. Na usiachie hata kidogo. Ukijikuna, Papa yenu anageuka ng'ombe."

Mwenye akili angetafuta waya mwingine, akaunga, mambo yakaisha. Bagula ana akili ya aina nyingine. Yeye alishaona suluhisho, na suluhisho lilikuwa yeye mwenyewe. Kitu kimoja tu hakukiwaza: mwili wake ukiwa waya, mwili wake utakuwa sebuleni. Na sebuleni atakuwepo mama mkwe.

Nzigire akarudi kutoka zamu, akamkuta mume wake amepiga magoti nyuma ya meza, mikono miwili kwenye mashine, kama mtu anayeombewa.

"Unafanya nini pale?"

"Niko waya."

Akaelezwa. Akasikiliza yote, unga, mswaki, masse. Ilipofika kwenye mswaki akauliza, "Mswaki gani?" na Bagula akaomba waendelee na ajenda.

"Huwezi kukaa na Mama mu salon moja," Nzigire akasema.

"Nikitoka, Papa hatoki."

Bon. Nzigire akafikiri. Akafungua kabati, akatoa kitenge kikubwa, kile cha harusi chenye tausi, akakifunga upande mmoja kwenye fimbo ya pazia na upande wa pili kwenye mlango wa kabati ya vyombo. Upande huu, kochi la mama. Upande ule, meza, pikapu, preampli, na mkwe.

Mila ikaokolewa, na Bagula akawa kama mayele, mjanja wa soko, anayejificha nyuma ya bidhaa zake.

*

Alasiri. Mama Charlotte kwenye kochi, amevaa nguo ya kanisani. Nzigire karibu yake, simu ameisimamisha kwenye bilauri. Ndani ya simu, nyuso. Mirindi na nusu ya East Side wamejazana kwenye kochi moja. Binamu wawili wa mtaa wa Iroquois, humo humo Louisville, ambao wangeweza kuja kwa basi lakini hawakutaka kukosa Mirindi. Na kwenye kaboksi kake peke yake, mzee mmoja wa kofia: Papa Azarias, naye wa Buffalo, mjane wa kiume, rafiki wa marehemu tangu ujana. Ndiye anayempeleka Mama Charlotte kanisani na gari yake na kumbebea magunia ya mchele. Kwenye ile kwaya ya Kadutu, yeye alikuwa mpiga ngoma.

"Mkwe ako wapi?" Mirindi akauliza. "Namuona tausi tu."

"Ako nyuma," Nzigire akasema. "Ameshika waya."

"Shemeji! Salimia batu basi! Ama waya haiongei?"

Tausi alikuwa anatoka jasho.

Papa Azarias akakohoa. "Mama Charlotte, mimi nasema hivi. Diski ya zamani ni mikwaruzo tu. Sauti inapotea, inabadilika. Tumuache marehemu apumzike. Tuimbe wimbo moja hapa ku simu, tuombe, tumalize."

"Papa Azarias," Mirindi akacheka, "weye si ulipiga ngoma tu mu ile diski? Ngoma njo unaiogopa?"

Watu wakacheka. Azarias akashusha kofia.

"Mimi nimeibeba toka Bukavu," Mama Charlotte akasema. "Nzigire, mwambie mukwe aweke."

"Bagula, Mama anasema uweke."

Sasa piga picha. Mikono miwili ina kazi. Bagula akabana shina la waya na skrubu pamoja kwa vidole vya mkono mmoja, mshipa wa shingo umemtoka, na kwa mkono wa pili akashusha sindano.

Kr. Kr. Ngoma.

Kisha sauti.

Wasomaji, mimi nilikuja kumcheka Bagula, lakini nitasema ukweli: lampe zilifanya kazi. Ile sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka katikati ya sebule, urefu wa mtu aliyesimama. Ulimsikia anavuta pumzi. Ulisikia midomo inafunguka kabla ya neno. "Mlima umelala, Bwana, mimi ningali macho," akaimba, na ile "macho" akaishusha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Nzigire akaanza kulia. "Papa!" Mirindi akasema kule Buffalo, na safari hii hakuwa anamcheka mtu. Binamu wa Iroquois wakavua kofia.

Na nyuma ya tausi, Bagula, magoti yanauma, vidole vimekufa ganzi, alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Nani kichaa sasa? Nani anakula plastiki?

Wimbo ukafika mwisho. Kwaya yote ikasema "Amina". Na baada ya kwaya yote kumaliza, kule nyuma kabisa, karibu na ukuta, sauti moja kavu, nje ya tuni, ikaingia peke yake:

"...mina."

Mama Charlotte akacheka.

Si kicheko cha mjane. Kilimtoka kama chafya, akaziba mdomo na mkono.

"Arudishe," akasema.

"Bagula, Mama anasema urudishe."

Akarudisha. Pumzi, mlima, macho, Amina. Na yule mmoja aliyechelewa: "...mina."

Mama Charlotte akasema, wala hakupandisha sauti:

"Huyu anayeimba si Nshombo."

Kule Buffalo mtu aliangusha kikombe.

"Mama," Mirindi akasema, "usiseme hivyo. Papa njo solo. Kadutu yote inajua."

"Kadutu haikulala na yeye. Mimi njo nililala na yeye. Miaka yote, muliisha kumusikia Papa yenu anaimba mu nyumba? Hata mara moja? Nikimuomba, anasema koo inapumuzika. Koo gani inapumuzika mpaka kaburini?"

Kila mtu alikuwa anatafuta kichwani siku moja tu ambayo Papa Nshombo aliimba, na kila mtu alikuwa anakosa.

"Ile pikapu ya paroisse ilikuwa bovu," Mama akaendelea. "Ilikuwa ni sauti tu, haina mutu ndani. Leo mutu ako ndani. Na Nshombo njo ule wa nyuma. Ule anachelewa. Batu bote bamemaliza, yeye njo anaingia. Hata mu kanisa ya Buffalo alikuwa anachelewa vile vile, batoto banamucheka. Mulimusikia?" Akafuta macho na ncha ya kitambaa. "Njo yeye. Njo bwana yangu."

Na hapo, jamani, hapo! Nyuma ya kitenge ikatoka sauti:

"Nzigire! Amesema 'njo yeye'! Umesikia? Mashine inabaki!"

"Funga kinywa, Bagula!"

"Lakini si amesema? Mulikuwa bote hapa!"

"Bagula!!"

Tausi akanyamaza.

Binamu mmoja wa Iroquois, wale watu ambao hawajui kukaa na swali, akauliza: "Sasa kama solo si Papa Nshombo, solo ni nani?"

Kwenye simu macho yote yalihama polepole, yakashukia kaboksi kamoja. Papa Azarias alikuwa ameishusha kofia mpaka puani. Midomo yake tu ilionekana. Ikafunguka, na kila mtu akamsikia anavuta pumzi.

Ile pumzi.

Kisha kaboksi kakawa keusi. Azarias amekata.

Buffalo ikalipuka. Huyu anasema haiwezekani, yule anasema mimi nilijua, bibi mmoja anauliza kwa sauti ya juu: kwa hiyo mzee wa watu anabeba magunia ya mchele miaka yote hii kimya kimya? Mirindi akaisogeza simu mpaka pua yake ikajaa kioo.

"Shemeji! Zima hiyo mashine! Zima sasa hivi! Tulikuletea Papa umusikilize, na weye umemuzika mara ya pili!"

"Mimi nimefanya nini? Ni lampe!"

"Zima!"

"Nzigire, Mirindi anasema nizime. Nizime?"

Nzigire alikuwa anamwangalia mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa amesimama.

Mama Charlotte akavuka sebule. Akafika kwenye kitenge. Bagula akaona vidole vinne vinashika ukingo wa tausi, akafumba macho, maana angeangalia wapi? Akasikia kitenge kinang'oka kwenye fimbo ya pazia, kinaanguka.

Akafumbua. Uso kwa uso. Tangu siku ya mahari, mkwe na mama mkwe hawakuwahi kuonana hivyo, na sasa walikuwa karibu mpaka taa nyekundu ya lampe ilikuwa inawaka machoni mwa mama.

"Bagula," akasema.

Jina! Si mukwe, si kupitia mtu. Jina lake, mdomoni mwa mama mkwe, na Mirindi anapiga kelele "Zima!" kwenye bilauri nyuma yake.

"Mupigie Azarias. Akikataa kupokea, upige mpaka apokee. Nataka aimbe ku simu, na diski iimbe hapa, nisikie yote mbili pamoja."

Bagula akanyoosha mkono mmoja kuelekea simu yake.

"Na hiyo waya," mama mkwe akasema, "usiiachie."